Vigae Chini ya Mchikichi wa Mzee Salvator

Ilianza Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo kubwa, saa moja na nusu asubuhi, juu ya kilima kinachoangalia Rumonge na ziwa. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeambiwa saa moja. Madamu Pelajia alitazama saa yake ya mkononi, akanipa chekecheke na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sasa nina kumi na minane, nimemaliza sekondari, na wiki hii kazi ile imefika mwisho wake. Madamu naye anaacha kufundisha chuoni mwaka huu. Kwa hiyo tumestaafu pamoja, ingawa yeye ana nywele nyeupe na mimi bado ninatumwa chumvi dukani.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mtakaofanya kazi na mwalimu mwingine likizo zijazo. Madamu aliniomba nisimame niwaambie maneno machache. Nikamwambia nitaandika. Wanaonijua wanajua kwamba hata nikiulizwa jina langu darasani, natafuta mtu wa kunisaidia kujibu. Daftari haliniangalii usoni, ndiyo maana.

Kwa asiyemjua, Madamu Pelajia ni mwanaakiolojia. Anasoma maisha ya watu wa kale kwa vitu walivyoviacha ardhini. Alikulia Kigoma, ukimbizini, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu, na akikasirika kinanyooka zaidi. Chuoni Bujumbura amefundisha habari za watu wa asili wa nchi hizi, jinsi walivyoishi na majirani zao wakulima na wavuvi. Kilimani kwetu alikuja na swali moja: Batwa, wafinyanzi wa vyungu, wameishi pale tangu lini? Mjini watu walikuwa na jibu tayari. "Hao? Hao iko watu wa kuzunguka tu. Leo hapa, kesho Bugarama." Madamu alisema jibu ambalo kila mtu analo kabla ya kuchimba ndilo la kuchimba kwanza.

Siku hiyo ya kwanza nilichekecha udongo mpaka vumbi likanijaa masikioni. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Bahati, mtu wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, Kongo, aliyekuwa mvuvi mpaka mgongo wake ulipomkataza nyavu.

"Weye mutoto," alinipigia kelele, "unachekecha udongo ama unapepeta muchele? Tikisa! Haitakuuma."

Nikatikisa. Iliniuma. Kokoto ziliruka zikampiga na yeye, tukawa sawa.

Vifaa vyenyewe si vya kutisha. Mwiko ni ule ule wa fundi wa nyumba, umenolewa ubavu mmoja. Kuna brashi, kamba, misumari, pima maji na ndoo nyingi. Mkifikiri mtapewa mashine, rudini nyumbani mapema. Madamu alitufundisha kushika mwiko kama mtu anayemvua mgonjwa shati, polepole, ukimwangalia. Na alitufundisha kuandika hata kisichokuwepo. "Mkichimba jiko msikute majivu, andikeni: hakuna majivu. Kisichokuwepo nacho kimeletwa na mtu." Hilo la mwisho sikulielewa kwa likizo mbili nzima.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wenu mmeshalisikia sokoni wiki hii. Afadhali mlisikie kwangu. Mimi ni Mutwa, mmoja wa hao Batwa. Ninakaa mjini kwa shangazi yangu anayeuza ndagala, yaani dagaa, lakini bibi yangu, Nyogokuru, anakaa chini ya kilima kile kile, anafinyanga vyungu. Nilipopata nafasi katika shule ya mjini alinikalisha kwenye mkeka wake akasema, "Ukiwa na wenzako usiniite. Ukipita, pita. Mimi nitajua ni weye kwa mwendo." Hakunionea haya, wala mimi sikumwonea. Alijua tu jinsi wateja wa ndagala wanavyoweza kubadilisha njia, na jinsi dawati la shule linavyoweza kupata nafasi ghafla, wenzako wakihama. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na tuliyashika.

Wiki ile ile ya kwanza yalijaribiwa. Nyogokuru alipanda kilimani na mzigo wa udongo kichwani, akaomba maji. Divine, mwenzangu wa darasa, ambaye naye alikuwa ameajiriwa kuosha vigae, yaani vipande vya vyungu, akampa kikombe chetu. Nyogokuru akanywa, akakirudisha kwa mikono miwili. "Murakoze, bana banje," akatushukuru kama watoto wake. Divine akakichukua, akakisugua kwa mchanga, akakisuuza, akakisugua tena. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama anavyofunga kiatu, bila kufikiri, kama alivyoona mama yake akifanya.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. "Nipe, nina kiu."

"Ngoja sha, bado sijakisafisha!"

Nikanywa na mchanga wake. Nyogokuru alikuwa ameshaanza kushuka, hakugeuka. Madamu alikuwa ameshika brashi, haisogei. Nilirudi kwenye chekecheke nikalitikisa mpaka Bahati akaniuliza udongo umenikosea nini.

Likizo ya pili ndiyo ilianza kuwa mbaya. Tulikuwa tunachimba juu ya kilima, mahali nyumba za zamani zilipokuwa. Tulikuta mafiga, majivu, mawe ya kusagia. Watu walikuwa wameishi pale, na siyo jana. Lakini vigae hatukuvipata, ila kimoja kimoja, vidogo kama ukucha. Nyumba ya mfinyanzi isiyo na vigae ni sawa na kibanda cha mvuvi kisicho na magamba. Kila jioni Madamu alipita kwenye machekecheke yetu, akatazama, akaenda. Mwisho wa likizo aliandika katika taarifa yake kwamba watu waliishi kilimani, lakini wafinyanzi hakuna dalili. Alitusomea sentensi hiyo kwa sauti. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Kalamu ilisita, lakini iliandika.

Mwezi huo huo ndipo Mzee Salvator alirudi.

Msifikiri ni mtu mbaya. Alikimbia nchi akiwa kijana, akaishi Tanzania kambini mpaka akazeeka, akarudi na mke, magodoro na kumbukumbu ya shamba la baba yake. Shamba alilipata. Katikati ya bonde, chini ya kilima, ulikuwa bado umesimama mchikichi mmoja mrefu ambao baba yake aliupanda kwa mkono wake. Watu wanasema aliukumbatia akalia. Kisha akatazama pembeni, akaona mashimo ambamo Nyogokuru na wenzake wanachimba udongo wa vyungu.

"Wakati mimi nakula ugali wa kambi," alimwambia shefu wa mlima, kiongozi wa kilima chetu, "hawa walikuwa wanachimba shamba la baba. Mimi niliacha bonde zima. Nakuta matundu kama panya iliingia."

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini hivyo, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Likizo hii ilipoanza, alikuwa ameshaleta miche ya michikichi, na vijana wake walikuwa wanayafukia mashimo, kila asubuhi moja. Lilibaki moja tu la kuchimbwa. Shefu akatangaza kwamba bashingantahe, wazee waamuzi, wataketi Jumamosi ya mwisho ya likizo, na Madamu ataitwa aseme. "Yeye anajua udongo," alisema. "Akisema walikuwepo zamani, walikuwepo. Akisema hawakuwepo, basi, neno limekwisha."

Na neno la Madamu lilikuwa limeshaandikwa.

Nilikwenda kumtazama Nyogokuru Jumapili ya kabla ya wiki ya mwisho. Alikuwa anapiga udongo kwa kiganja, tonge lake la mwisho. "Bila udongo," alisema, "mimi ni mwanamke mzee tu mwenye mikono."

Jumatatu ya wiki ya mwisho tulikuwa tunakula mchana, ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Madamu aliweka sahani chini.

"Nataka kila mtu anijibu. Nyumbani kwenu chungu kikivunjika, vigae mnavipeleka wapi?"

Bahati ndiye wa kwanza. "Kwetu kile kikubwa tunanyweshea kuku. Bibi yangu miye ananywesha kuku tu, hata kama haina kuku."

Watu wakacheka. Divine akasema kwao vinatupwa nyuma ya choo. Mwingine akasema kwenye migomba. Madamu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu, halafu akanigeukia. "Na kwenu, Evelina?"

Nilikuwa na ugali mdomoni. Niliendelea kuutafuna. Nilijua jibu, na nililijua kwa kichwa changu chenyewe, kwa uzito wa kikapu. Kwetu kigae hakitupwi. Chungu kikivunjika, hata chungu cha kupikia, hata kikivunjika motoni kabla hakijatumika, vipande vyake vinakusanywa kwenye kikapu na kurudishwa shimoni kulikotoka udongo. Unavilaza kifudifudi, upande wa nje juu, kikubwa kwanza, unavifunika kwa konzi ya udongo. Ndipo unaruhusiwa kuchukua mwingine. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo wa kufika kiunoni kwa Nyogokuru, na sikuwahi kufikiri kama ni kitu. Ilikuwa kazi tu, kama kuteka maji. Na wakati Madamu anauliza, niliona kilima kizima kikifunguka mbele yangu. Nyumba za juu zilikuwa hazina vigae kwa sababu ni za wafinyanzi. Kama zingekuwa za watu wengine, vingejaa.

Lakini kusema "kwetu" mbele ya Divine, mbele ya kikombe kile...

"Sawa," alisema Madamu, nikiwa bado natafuna. "Wengine watajibu baadaye." Akachukua sahani yake.

Jioni ile, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, nilishuka kwa Nyogokuru mbio. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kufinyanga.

"Wanataka kuchimba kilicholala?"

"Wanataka kukiona tu. Madamu akiona, ataandika upya."

"Vile ni vya udongo, mwana wanje. Vimerudishwa. Mtu hachukui alichorudisha."

"Nikimwambia virudi vilevile?"

Akapaka maji kwenye ukingo wa chungu, akauzungusha. "Virudi vilevile, kila kimoja mahali pake. Na mimi niwe nimekaa hapo, niangalie. Na weye unyamaze. Nitasema ni mimi niliyewaita."

"Nyogokuru..."

"Nimesema. Miaka yote hatujavunja, tuvunje leo kwa sababu ya Salvator?"

Asubuhi yake alipanda kilimani mwenyewe, akamwambia Madamu kwa maneno machache aje bondeni. Madamu alishuka naye. Lile bonde tulikuwa tumelipita kila siku. Katika ramani yetu lilikuwa limechorwa mistari na maneno "udongo uliovurugwa", kwa sababu mahali panapochimbwachimbwa hapana cha kusoma. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, nanyi mtafundishwa hivyo, na mara nyingi ni kweli.

"Si hapa," Nyogokuru alisema walipofika kwenye shimo lililo wazi. Akaenda mpaka ubavuni mwa mchikichi, akapiga mguu chini. "Hapa. Mama yangu hakuwa anachimba hapa. Alisema pameshajaa tangu bibi zake."

Madamu aliinua macho, akaufuata mchikichi mpaka kileleni. "Huu ulipandwa na nani?"

"Baba yake Salvator."

Madamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bahati," alisema, "lete kamba."

Ilibidi kuomba ruhusa. Mzee Salvator alikuja na fimbo yake, akatazama mahali tulipofunga kamba. "Chimba, Madamu. Sina cha kuficha mimi. Lakini mizizi ya huu muti, hata mmoja usikatwe. Huu ndio baba yangu nilikuta."

"Hautakatwa," Madamu alisema. Bahati alitoa pumzi kama mtu aliyebebeshwa jiwe. Kuchimba kando ya mchikichi bila kukata mizizi ni sawa na kuchana nywele za mtoto anayelia. Jumatano yote tulifanya kwa brashi na vidole, huku vijana wa Salvator, hatua chache kutoka kwetu, wanatupa udongo kwenye shimo la mwisho lililokuwa wazi. Tulikuwa tunasikia majembe yao. Hakuna aliyeimba.

Vigae vilitokea kabla ya mchana. Cha kwanza kifudifudi. Cha pili kifudifudi. Divine, aliyekuwa nami shimoni, akasema, "Mbona vimelala kama watu?" Chini yake kulikuwa na tabaka la udongo, halafu vingine, halafu tabaka, halafu vingine vyenye mistari ya kuchanjwa ambayo hata Nyogokuru alisema ameiona kwa bibi yake tu. Taka hailali hivyo. Taka inalala kichwa huku, miguu kule. Na katikati ya vigae ilipita mizizi ya mchikichi, myekundu, minene kama vidole, ikitafuta njia.

Nyogokuru alikaa ukingoni siku zote hizo, kiganja chake kimelala ardhini. Alikuwa ametuletea mtungi wake wa maji, ule mkubwa mweusi, akauweka kando yake, kwenye kivuli. Bahati alikunywa wa kwanza bila kufikiri. Divine alikunywa Alhamisi, wa mwisho, na hakusugua kitu.

Alhamisi hiyo alasiri nilikuwa chini na ubao wa kuchorea. Kazi yangu ilikuwa kuchora ukuta ulio chini ya mchikichi, kila kigae, kila mzizi, kwa sababu kisipochorwa ni kama hakikuonekana. Nilikuwa nimebakiza tabaka la chini kabisa. Nilisikia Nyogokuru akisema, wala si kwa nguvu, "Udongo unaongea. Toka."

"Bado kidogo."

"Toka!"

Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Bahati hakuuliza. Alinishika mkono na ukosi wa gauni akanivuta kama samaki, na ukuta wa nyuma yangu ukaanguka mahali nilipokuwa nimesimama. Ulianguka wote, na ukingo, na mtungi. Nyogokuru alikuwa amerudi nyuma, mguu mmoja umezama kwenye udongo uliobomoka.

"Nyogokuru!" nilipiga kelele.

Kila mwanamke mzee huitwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Divine tu aliniangalia muda mrefu.

Mwenzenu Bahati alikaa chini, mkono kifuani. "Bwana Yesu. Mie nilikimbia ziwa nisife maji, kumbe udongo unaningoja." Hatukucheka. Ukuta wa chini ya mchikichi ulikuwa umesimama. Ubao wa mchoro ulikuwa mkononi mwangu, sijui niliushikaje. Mtungi ulikuwa vipande. Nyogokuru alivikusanya mwenyewe kwenye kikapu, akakiweka begani, akasimama. Kisha akatazama shimo la mwisho, ambalo vijana walikuwa wanalimalizia.

"Nitavirudisha wapi?" aliuliza, akimuuliza nani sijui.

Jumamosi uwanja wa shefu ulijaa. Bashingantahe waliketi kwenye benchi, Mzee Salvator upande mmoja, wafinyanzi upande wa nyuma wamesimama, kwa sababu kwao viti havikufika. Nusu ya darasa langu walikuwepo. Nilikaa nyuma ya Madamu nimekumbatia mchoro.

Madamu alisimama akasema kwanza kwamba mwaka jana aliandika wafinyanzi hawakuishi kilimani, na aliandika vibaya, maana alitafuta taka kwa watu wasiotupa. Akaeleza vigae na tabaka. "Siwezi kuwaambia majina ya waliovilaza," alisema. "Siwezi kuwaambia miaka. Naweza kuwaambia ni nini kiko juu na ni nini kiko chini."

Mzee Salvator aliinua fimbo. "Kwa heshima, Madamu. Vigae ni vigae. Pengine walitupa wakati mimi iko kambini, na muti ukashusha mizizi. Nani alisema vimelazwa? Nani aliona?"

Mzee mkubwa wa bashingantahe akauliza, "Hiyo desturi ya kurudisha, nani anaijua?"

Nyogokuru akapiga hatua mbele. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyo atasema nini? Si anajitetea?" Wengine wakaguna. Mzee akasita. "Mama, tumekuona. Lakini tunataka na mtu mwingine. Mtu asiyekaa pale bondeni. Yuko?"

Madamu hakunigeukia. Angeweza, na asingekosea, na sijui kama ningemsamehe. Alitazama mbele tu.

Nilimwona Nyogokuru akinitikisia kichwa: hapana. Nilimwona Divine. Nilimfikiria shangazi na meza yake ya ndagala. Magoti yalikuwa yamesimama kabla yangu.

"Mimi," nilisema.

"Paza sauti, mutoto."

"Mimi. Nimekibeba kile kikapu. Tangu mdogo. Unalaza kikubwa kwanza, kifudifudi, unafunika kwa konzi moja, ndiyo unachimba." Sauti ilikuwa imekwenda, nikaifuata. "Yule pale ni bibi yangu. Mama wa mama yangu. Sikai pale kwa sababu nilikuwa ninasoma mjini. Lakini ni kwetu."

"Yampayinka!" mtu alimaka kwa mshangao. Kwenye benchi la wenzangu vichwa viliinamiana kama majani ya mhindi. Divine hakuinama, alikuwa anatazama mikono yake.

Mzee Salvator alinitazama, akamtazama Nyogokuru, kisha akasema neno ambalo halikutarajiwa. "Twende nikaone."

Tukashuka wote. Aliacha fimbo, akateremka shimoni na umri wake, Bahati akimshika kwapa. Madamu alinyoosha kidole mahali pamoja. Palikuwa na mzizi wa mchikichi ulioshuka wima ukakutana na kigae kikubwa, tumbo la chungu. Haukukipasua. Uliinama, ukalizunguka lile tumbo, ukalifuata umbo lake lote kama mkono uliokumbatia, ndipo ukaendelea kushuka. Mzizi haukumbatii kitu ambacho hakijafika.

Salvator aliupapasa. Alipapasa mzizi, akapapasa kigae, akarudi kwenye mzizi. Tulisikia pumzi yake.

"Baba alikuwa anatuchekesha," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Alikuwa anasema huu muti ulikuwa rahisi kupanda. Anasema, shimo nilikuta limeshalimwa laini, mie nikaweka mche tu. Sisi watoto tunadhani anajisifu." Akakishika kigae tena. "Alikuwa anawajua."

Bashingantahe hawakukaa muda mrefu baada ya hapo. Shamba la juu ni la Salvator, na mchikichi ni wake. Bonde la udongo na njia ya kulifikia ni la wafinyanzi, na miche iliyopandwa juu ya mashimo itahamishwa. Vijana walewale waliofukia watafukua. Wapo waliokwenda nyumbani wakinung'unika kwamba Batwa wamepewa kwa sababu ya profesa. Divine aliondoka bila kuniaga. Madamu alikaa nami mpaka kila kigae kikarudi mahali pake kwenye ukuta, kwa kufuata mchoro wangu, Nyogokuru akiangalia.

"Ulijua tangu lini kuhusu mimi?" nilimuuliza.

"Tangu kikombe," alisema. "Endelea. Hicho kimekaa juu-chini."

Hayo ndiyo ninayo ya kuwapa, pamoja na mwiko wangu, ambao nimeuacha kwa Bahati. Una kipini kilichopasuka. Shikeni chini kidogo.

Jumapili asubuhi, yaani kesho yake, nilitoka kwa shangazi mapema. Watu wawili wanaonunua kwake kila siku walipita mezani bila kusimama, na yeye akaendelea kupanga ndagala zake. "Nenda," aliniambia. "Watakula nini, mawe?" Nilikwenda mpaka kwa Nyogokuru, nikajitwika kikapu cha mtungi uliovunjika. Yeye akatangulia na jembe. Barabarani watu walikuwa wanakwenda kanisani, na kwaya ya shule yetu ilikuwa imesimama kwenye njia panda ikingoja wengine. Nyogokuru aliongeza mwendo apite peke yake, kama siku zote.

"Nyogokuru!" nilimwita. "Nisubiri!"

Akasimama. Waimbaji wote waligeuka. Divine alikuwa mbele, na kitabu cha nyimbo kwapani. Alikitazama kikapu, akanitazama.

"Kikubwa kwanza?" aliuliza.

"Kikubwa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kanisani na wenzake. Sijui kama tukikutana sokoni atanisalimia.

Bondeni vijana walikuwa wamefukua shimo moja. Nilishuka, nikavilaza vipande vya mtungi kifudifudi, kile cha tumbo kwanza, nikavifunika kwa konzi moja ya udongo. Kisha Nyogokuru akanipa jembe, nikachimba udongo wa mtungi mwingine.